Nsansa ya Vyungu Viwili

Rebeka, fundi cherehani wa Ngokolo, alianza kuogopa karanga binti yake Limi alipokuwa na miaka miwili. Mtoto alilamba karanga ya kusaga kidoleni, mara midomo ikavimba na ngozi ikatutumka mapele kama aliyetambaliwa na viwavi. Daktari akamwambia ni mzio. "Usimpe hata chembe. Na akianza kupumua kwa shida, usingoje. Kimbia hospitali."

Tangu siku hiyo Rebeka aliishi kwa kuulizauliza. Biskuti hii ina nini? Uji huu umesagwa na nini? Lakini Usukumani karanga ndiyo nazi yetu; mboga isiyoungwa karanga huonekana ya mgonjwa. Majirani walimwona anaringa.

Limi alipotimiza mitano, baba yake Onesmo, anayechimba dhahabu huko Geita, alipiga simu. "Mama anamlilia mjukuu wake. Mpeleke kwake Mhunze hata siku mbili."

Rebeka akaenda. Hata kabla hajatua mzigo, alimweleza mama mkwe wake, Suzana, habari ya karanga. Suzana akatabasamu.

"Mama Limi, hata mimi maziwa freshi yananisumbua. Nikinywa kikombe, tumbo linajaa, naharisha, jioni nimepona. Mgando haunisumbui. Mzoeshe kidogo kidogo, atazoea."

"Hapana, mama. Nakuomba sana. Hili si la kuzoesha."

Suzana alimtazama usoni, akaacha kutabasamu. "Basi. Nimesikia."

Na kweli alisikia. Kesho yake alipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, katika vyungu viwili: kikubwa kimeungwa karanga, kidogo cha Limi kina nyanya na chumvi tu. Rebeka aliviona kwa macho yake, moyo ukatulia. Ambacho hakukiona ni mwiko mmoja uliokuwa ukitoka chungu hiki na kuingia kile.

Limi alikula matonge matatu. "Mama, koo linawasha."

Kisha akakohoa. Kisha midomo. Jirani alitoa pikipiki, na njia nzima Rebeka hakuwa na la kufanya ila kumshika mtoto wima kifuani, akisikia pumzi yake ikitoa mluzi.

Hospitalini muuguzi alimchoma sindano ya paja. Dakika chache baadaye pumzi ikaanza kufunguka. Daktari akasema walale hapo, kwa kuwa hali huweza kurudi.

Suzana alifika kwa miguu, kanga imemlegea, akachuchumaa kando ya kitanda. "Nilitenga chungu, mayu, mama Limi. Si uliona? Nilitenga."

Rebeka alimsogezea kiti. Angemlaumu nani?

"Bibi," daktari alimwambia kwa upole, baada ya Suzana kumsimulia habari ya maziwa yake na ya mwiko ule mmoja, "kwako wewe ni tumbo linaloshindwa kusaga maziwa. Utaumwa, itaisha. Kwa huyu, mwili wenyewe unaiona karanga kama adui, unapigana nayo mpaka koo linaziba. Mabaki ya mwikoni yanatosha."

"Na dawa ya kumponya?"

"Hapa hatuna, bibi. Ni kuepuka, na kuwahi."

Suzana hajampikia tena mjukuu wake. Wakienda kumsalimu, humpa ndizi mbivu tu, Limi aimenye mwenyewe, naye hukaa mbali akimtazama anavyokula.

Januari Limi alianza darasa la awali. Uji wa shule una unga wa karanga. Mwalimu alibandika jina lake mlangoni pa jiko na kumruhusu aje na uji wake kutoka nyumbani, lakini watoto hupeana vikombe, na mwalimu ni mmoja kwa watoto themanini. Rebeka alimshukuru. Angefanya nini zaidi? Simu yoyote ya namba ngeni ikiita kabla ya saa sita mchana, huacha cherehani na kuipokea kabla haijaita mara ya pili.

Juzi akimsuka nywele, Limi alimuuliza, "Mama, mimi nitapona lini?"

"Sijui, mwanangu," alisema Rebeka. "Wengine hupona wakikua. Wengi hawaponi."