Mnusa Mafuta

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kunusa. Zamani kiwanda kile cha Tanga kilikamua mbata tu, yaani nazi kavu, mafuta yakatoka mazito, rangi ya chai, yakapakiwa melini vivyo hivyo. Mwaka nilioajiriwa tajiri akaleta mitambo ya kuyasafisha, ndipo ikatakikana pua. Mafuta yalitiwa magadi, yakaoshwa, yakachujwa kwa udongo mweupe, kisha yakapigwa mvuke ndani ya pipa refu mpaka harufu ya nazi iishe. Mimi naletewa kijiko. Nikisema bado, mvuke unaendelea. Nikisema tayari, yanakwenda kwenye madebe.

Mimi, mtu wa darasa la nne, na fundi wa mvuke anangoja kauli yangu. Nilitembea mitaa ya Ngamiani kama liwali. Nilikwishajiona fundi mkuu, kaptura nyeupe, baiskeli inang'aa.

Nilikaa kwa shangazi, aliyenilea. Yeye alipika mafuta ya nazi uani: anakuna, anakamua tui, analichemsha taratibu mpaka mafuta yapande juu. Hata wazazi wa kijiji cha Moa huko waliagiza mafuta yake ya kuwapaka vichanga. Sare yangu ya shule ilitoka katika sufuria ile.

Madebe ya kiwanda yalipofika madukani, meupe kama maji, rahisi, hayachachi, wateja wake wakawa wanapita mlangoni kwa salamu tu.

Alhamisi moja nilirudi nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshika kikombe cha mafuta. Alikuwa amebadilisha nazi, amesugua sufuria kwa majivu, na sasa anaulaumu mkono wake kwa uzee.

"Pua yako inalipwa mshahara," akasema. "Nusa, uniambie nimeharibu wapi."

Nikanusa. Yalikuwa yale yale aliyonipaka kila asubuhi ya Idi.

"Hujaharibu, shangazi."

"Basi mbona yanalala?"

Nilijua. Kila debe lililomnyang'anya mteja nililiambia tayari mimi mwenyewe. Nikamjibu kwamba labda ni msimu. Akaniamini, maana mimi ndiye mjuzi, akanipaka kichwani yale ya kikombeni, akinitania kwamba mvuke wa tajiri umenikausha nywele kama makumbi ya nazi.

Asubuhi kijiko kikaja. Nikasema bado. Kikaja kingine, bado. Fundi wa mvuke akauliza kama nina mafua. Nilijua harufu ya nazi iko kichwani mwangu, si kijikoni, lakini neno tayari lilinikwama. Mwishowe nyapara akaja, akanusa kijiko, akaninusa na mimi utosini, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Tayari," akasema yeye. "Huyu bwana harusi apelekwe bombani."

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Madebe yakajazwa, yakazibwa.

Bombani nikajisugua kichwa kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha, maana kesho kulikuwa na kazi. Jioni shangazi alinifungulia mlango, akanitazama nywele, akauliza kama mafuta yake yamenikera.

Nikasema hapana, ni jua tu limezikausha.

Akafuata kikombe, anipake mengine.