Chef wa siku moja

"Njo huyu," akasema, na akanyoosha kidole.

Yule mwenye alisema hakuwa soda, ni kusema askari. Alikuwa académique wetu, mukubwa wa masomo pale ku institut, mutu wa koti na cravate. Basoda batatu balikuwa bamesimama ku mulango, na commandant wao alikuwa ameuliza: "Chef ya hawa banafunzi ni nani?" Académique akaangalia tablo, ule ubao wa chaki, akaona jina yenye ilikuwa imeandikwa ku pembe ya juu, akatafuta mwenye jina mu viti, akamuonyesha. Alikuwa kijana wa Beni, mwenzangu tulikaa naye kiti kimoja. Akasimama polepole, akafunga kalamu yake. "Mama mukubwa, niko nakuya," akaniambia, kama mutu anaenda kunywa maji. Bakamupandisha mu pickup. Sisi bengine tukabaki tumekaa, na ku tablo somo ya siku ile ilikuwa ingali imeandikwa: aina za uongozi.

Mais sitaki mufikiri kusoma kwetu kulikuwa kilio. Sijacheka mu maisha yangu kama nilicheka mu ile miaka, na vita ilikuwa inatuzunguka kila upande, barebele, bale baasi ba bunduki, banatawala Butembo na Beni, leo hawa, kesho bale. Donc nitarudi nyuma kwanza.

Mimi nilikomea ku sixième primaire, darasa ya sita. Nilikuwa mulimaji wa Kalunguta, nikakimbia na bamama benzangu mpaka Butembo wakati kijiji yetu ilichomwa. Tulifika kumi na mbili. Tukakodi vipande vya shamba pembeni ya muji, kila mama kipande yake, na tukalima vile tulizoea kwetu: leo sisi wote ku shamba ya huyu, kesho sisi wote ku shamba ya yule. Mwenye shamba njo chef ya ile siku. Yeye anasema tuanzie wapi, nani anabaki na batoto, tunapika nini. Jua ikishuka, uchef yake imeisha. Kesho yake analima kama mutu yote, na yule alimuamuru jana, leo naye anaamuriwa.

Karibu na ile shamba kulikuwa kunakaa mwalimu mumoja wa institut, assistant, kijana wa miwani. Siku moja akasimama ku barabara, akauliza, "Bamama, chef yenu ni nani?" Tukamuonyesha mama mumoja mufupi. Kesho yake akapita tena, akaenda moja kwa moja kwa ule mama mufupi, akaanza kumusalimia kwa heshima. Nikamwita. "Mwalimu, mbona unaharibu salamu zako kule? Leo ni mimi." Akasimama, akavua miwani, akaipanguza. Siku ya tatu akakuta mwengine tena. Siku ya ine akaja na kaye ya kuandika.

Njo vile niliingia institut. Aliomba nikubaliwe kama auditeur libre, maana yake mutu anaruhusiwa kukaa na kusikiliza hata kama hana diplôme. Kozi yake ilikuwa ya uongozi na tabia ya batu kama bako mu kazi pamoja. Yeye alikuwa anaiita comportement organisationnel. Mara ya kwanza nilisikia ile jina nikafikiri ni ugonjwa.

Tulikuwa tunasoma nyuma ya saa nane, sababu asubui kila mutu alikuwa ku kazi yake. Nilikuwa natoka shambani, nanawa miguu ku bomba ya institut, naingia. Batoto ya bacommerçants, batu ba biashara, na viatu vya kungaa, mimi na vidole vya udongo. Nilitafuta pa kukaa, kila mutu akaweka kaye yake ku nafasi ya kando kusudi nisikae. Kijana mumoja tu akasogea.

"Kaa hapa, mama mukubwa. Mimi pia ni mugeni, ninatoka Beni."

"Beni ni mbali gani? Unasema kama umevuka bahari."

"Kwa batu ya Butembo, mwenye hauzishi kitu ni mugeni. Ninyi mungeuzisha mvua kama ingekuwa na kifuniko."

"Na ninyi ba Beni mungeinunua, sababu muko nalala wakati inaanguka."

Njo vile tulianza. Alikuwa Muislamu, baba yake alikuwa na malori mbili za kupeleka bidhaa Kasindi. Mimi ni Mukatoliki wa rozari. Yeye alikuwa ananigeuzia kifaransa ya mwalimu mu kiswahili, polepole, kwa sikio. Mimi nilikuwa namuambia kama ile yenye mwalimu anasema inaweza kusimama ao inaanguka. Wakati wa Ramadani nilikuwa naficha avoka yangu chini ya kiti, nisimutese. Siku moja akainama, akasema, "Mama mukubwa, hiyo avoka imeiva sana, inanisalimia." Kalasi yote ikacheka mpaka mwalimu akauliza nini.

Mvua ikianguka, manjanja, yale mabati ya juu, ilikuwa inalia mpaka hakuna mutu anasikia mwenzake. Mwalimu alikuwa anaweka chaki, anakaa. Banafunzi banabishana kwa mikono. Hiyo pia ni kusoma, alisema.

Kisha ikafika kuchagua délégué, kiongozi wa kalasi. Bawili balitaka. Mumoja alikuwa mutoto wa tajiri. Mwengine alikuwa wa Kipese kule juu kwenye baridi, mwenye alisema batu ya milimani bako na kichwa ya kupoa na njo kichwa ya kuongoza. Wiki tatu banapigania ile kiti, bamoja habasalimie bengine, na madirisha habafungui sababu kila kundi inangoja ingine ifungue. Tulikuwa tunasoma uongozi mu moto kama chungu.

Mwalimu akachoka. Akaniambia, "Mama, simama, ueleze banafunzi vile munalima."

Nikaeleza.

Yule wa Kipese akainua mukono. "Na kama chef ya siku anaongoza mubaya, nani anamuazibu?"

"Anaongoza mubaya ku shamba yake mwenyewe," nikasema. "Maharagi yake itamuazibu."

Bakapiga meza. Toka siku ile kalasi ikafuata desturi ya bamama ba Kalunguta. Kila siku mutu mumoja, kwa mustari wa viti. Anaandika jina yake ku pembe ya tablo. Anafungua madirisha, anachunga chaki, anagawa maneno, anapanguza tablo, na kesho ni mwengine. Ni hiyo tu. Hakuna mutu alikuwa na nguvu juu ya mwengine kupita kufungua dirisha.

Mungeona ginsi batu baligeuka. Kulikuwa binti mumoja mwenye hatukujua sauti yake. Siku yake ikafika, akasimama, akasema, "Mutoto wa tajiri, nyamaza, umesema mara ine." Akanyamaza. Yule wa Kipese siku yake alitufanya tuzungumze viazi saa mbili: nani anaamua siku ya kuvuna, kwa nini kaka mukubwa anaamua hata kama hajui. Mwalimu akasema ni somo nzuri kupita yenye alikuwa ametayarisha. Siku yangu mimi niliandika jina na herufi kubwa kama nyumba, ikajaza nusu ya tablo. Kijana wa Beni akauliza, "Mama mukubwa, mwalimu ataandika wapi, ku ukuta?"

Na académique alijua. Hii munisikilize muzuri. Alipita siku moja, akaona jina, akauliza. Tukamueleza yote, tangu shamba mpaka dirisha. Akacheka, akasema, "Basi kesho ni mimi." Na tukamupatia. Alikuja, akaandika jina yake pale juu, akafungua madirisha, akapanguza tablo mpaka koti yake ikawa nyeupe mukono muzima, na sisi tukamupigia mikono. Alifurahi kama mutoto. Donc alijua ile jina ku pembe inamaanisha nini. Hakuna mutu mu Butembo alijua kumushinda, kutoa bale bamama kumi na mbili.

Kisha basoda bakakuja kuchukua viti vyetu. Balivipakia asubui, bakavipasua kule kambini, bakapikia. Tukakaa chini ku ciment siku mbili, siku ya tatu tukaandika barua kwa commandant. Hatukutukana. Tuliandika kwamba kiti ni ya mutoto wa mutu, na chini tukatia sahihi: sisi banafunzi wote. Académique mwenyewe alisoma, akasema ni nzuri, akapiga cachet, muhuri ya institut. Baba wa kijana wa Beni akatutumia mbao, tukatengeneza viti vingine.

Wiki moja kisha ile barua njo commandant alikuja kuuliza chef ni nani. Kwa académique, kusema ilikuwa maneno matano: hapa kila siku ni mwengine. Ama angesema, barua niliipigia cachet mimi. Yeye akanyoosha kidole.

Kijana alibebeshwa mizigo ya basoda nyuma ya Beni, mu misitu, miezi mine. Alirudi. Njo furaha kubwa ya maisha yangu, nasema hata mbele ya batoto yangu. Alifika ku mulango mu saa ya somo, amekonda, vidole viwili vya mukono wa kuume havikunjike tena. Kalasi yote tukasimama. Chef ya siku ile alikuwa binti yule. Akafuta jina yake, akamupatia chaki. Akaandika na mukono wa kushoto, jina ikatoka imelala upande.

"Inalala," nikasema.

"Ni ya Beni," akajibu. Tukacheka na machozi, mwalimu pia.

Kesho yake tukaona liste ya banafunzi ku ukuta wa bureau. Jina yake imepigwa mustari, na pembeni: absences non justifiées. Amekosa masomo bila sababu, njo kusema amefukuzwa. Signature ya académique. Tulienda kwake wote, tukajaza bureau mpaka ku ngazi. Akasema, bila kuinua macho, "Règlement ni règlement, sheria ni sheria." Nikamuuliza, "Papa, sababu si unaijua? Wewe njo ulimuonyesha." Akaniambia mimi ni auditeur libre, kazi yangu ni kusikiliza.

Nilisikiliza. Sasa nazungumza.

Yule kijana leo ni mutu mukubwa, anakaa Beni, mu mutaa wa Ruwenzori, iko na duka ya vipuri. Hana ile diplôme, alibakiza miezi tatu tu. Académique iko Butembo, amestaafu, anakaa kiti cha mbele ku misa na batu banamwita professeur. Commandant alipata bureau mu muji mukubwa. Habari zao tunazijua, Butembo ni muji wa kusemezana.

Commandant, wewe nakuuliza vidole viwili vya mutoto wa mutu. Na wewe académique, nakuuliza wewe zaidi, sababu yeye hakujua desturi yetu na wewe uliijua. Hatuko tena ku bureau yako. Simama mbele ya batu, useme kwa nini ulinyoosha kidole, na kwa nini ulipiga mustari ku jina. Kisha uende ku institut, ile liste ingali mu kabati, uandike ile jina mahali yake na mukono wako mwenyewe. Utaenda siku gani?