Kibao cha Duka la Wifi

Kazi yangu ni kuandika vibao. Marehemu mume wangu aliniachia ngazi, brashi na tabia ya kusimama njiani kukagua maandishi ya watu. Shule nimeishia ya msingi, lakini kwa herufi sijambo. Au ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya.

Herufi ninazozipenda kupita zote ni zile nyeusi, nene, za kizamani, zenye ncha kama miiba, zilizobanana kama wanakwaya kwenye benchi moja. Niliziona kwanza kwenye jalada la Biblia kuukuu, nikaamua moyoni kwamba hizo ndizo zinazotumika mbinguni. Tangu hapo nimeziweka kwenye vyeti vya ubatizo, fulana za kwaya, hata mlango wa choo cha kanisa, ambako wazee wa watu walikuwa wakisimama wakisita, kama wamefika madhabahuni.

Basi wifi yangu, dada wa marehemu, aliacha kazi ya ndani kwa mama mmoja mkali, akafungua duka la nguo za watoto. Alitia humo kila alichokuwa nacho. Lisipotembea, anarudi kwa yule mama kufua na kuinamisha kichwa. Akaniomba nimwandikie kibao.

Nikasali, nikapanda ngazi, nikaandika NGUO ZA WACHANGA kwa herufi zangu za mbinguni, na kwa bidii nikazifanya kubwa zote. Sasa, herufi hizi ukiziandika kubwa tupu, kila moja inajikunja na kujipamba mpaka hakuna kinachosomeka. Mwenye kujua huweka kubwa moja mbele, zinazofuata ndogo. Mume wangu aliniambia hilo mara nyingi. Nilidhani ananionea wivu. Nikashuka, nikarudi nyuma kutazama, nikatokwa na machozi kwa uzuri wake.

Wiki nzima hakuingia mama hata mmoja. Waliobeba watoto walivuka barabara. Wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa lori. Akavua kofia, akampa wifi pole, akauliza kwa sauti ya chini majeneza yako wapi. Wakafuata vijana wa pikipiki, nguo nyeusi, minyororo shingoni, wakitaka fulana zenye mafuvu. Walikuwa na adabu, wakanisifia. Mmoja aliomba nimchoree maneno yale yale mkononi. Alipoambiwa yanasemaje, akasema basi, ngoja kwanza.

Wifi hakupaza sauti. Alikuja kwangu na kipande cha msasa.

"Wifi, najua unampenda Mungu," akasema. "Lakini duka langu linaonekana limeshakufa. Yule mama kaniuliza jana narudi lini."

"Watu hawajazoea tu, wifi."

"Watazoea mimi nikiwa nafua."

Nikachukua msasa, nikapanda, nikakwangua. Nilibakiza ile N ya mwanzo tu, na miiba yake, maana nafsi ni dhaifu. Zilizobaki niliziandika za mviringo, nono kama mashavu ya mtoto. Rangi haijakauka, mama mjamzito akasimama chini ya ngazi, akasoma kwa sauti, akaingia. Akatoka na soksi, kofia na blanketi.

Mpaka leo wifi yuko dukani. Kule kwa yule mama alipeleka salamu tu. Nilijitolea kumwandikia neno "Karibu" mlangoni. Akanishukuru sana, akachukua chaki, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko uliopinda. Namshukuru Mungu, hakuna anayeshindwa kulisoma.