Gari Lililoniziba Masikio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Jana uliponifungulia mlango wa gari lako jipya ukaniambia, "Mama, kaa usikie linavyochomoka," siku hiyo ilinirudia yote. Nilikaa, nikasikia. Ulikuwa na furaha na sikutaka kukukatiza. Leo basi nisikilize.

Nilikuwa mkunga katika hospitali ya misheni pale Karatu, miaka ya themanini, petroli ikipatikana kwa kibali na barabara zote zikiwa vumbi jekundu. Daktari mmoja mgeni alipomaliza muda wake alituachia gari lake. Ilikuwa stesheni wagoni ya rangi ya maziwa, ndefu nyuma kiasi cha kulaza mgonjwa, magurudumu yote manne yanavuta, na injini yake ilikuwa na turbo. Wengi wetu neno hilo tulikuwa hatujalisikia. Ukikanyaga mafuta, kwanza linasita kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu unasikia mluzi mwembamba mbele yako, na mgongo unabanwa kwenye kiti. Nisikudanganye, nililipenda. Tulikuwa tumezoea gari la zamani lililopanda mlima likilalamika.

Dereva wetu alikuwa Mzee Tluway, Mwiraqw wa kijiji cha Buger, mtu mrefu wa maneno machache. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, ndiyo maana akakubali kunifundisha. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye barabara iliyonyooka karibu na Rhotia, akaweka jiwe kubwa kando ya njia.

"Likifika themanini, ukilifikia jiwe, kanyaga breki," akasema.

Kabla sijahesabu kumi, mshale ulikuwa themanini. Nikakanyaga. Alishuka akapima kwa hatua zake kutoka kwenye jiwe: hamsini na tano. Kisha akaomba magunia manne ya mahindi kwa shemeji yake, tukayapakia, tukarudia. Mwendo ule ule, jiwe lile lile. Safari hii alihesabu hatua sabini na kitu.

"Kwenda linakwenda," akaniambia. "Wewe nataka ujue linavyosimama likiwa na watu."

Wiki tatu nzima akanifundisha kushuka milima kwa gia ndogo bila kugusa breki. Moyoni nilimcheka. Nilidhani uzee umemtia woga.

Basi, asubuhi moja ikaja habari kwa simu ya upepo kutoka getini Ngorongoro. Mama mmoja kijana wa Nainokanoka, kijiji cha Wamasai kule juu ng'ambo ya kreta, jina lake Naserian, alikuwa na uchungu tangu jana yake, mimba ya kwanza. Mzee Tluway alikuwa amelala kitandani, hawezi hata kuinama. Matroni akaniuliza, "Utaweza?" Nikamjibu nikiwa nimeshashika funguo.

Nilifika Nainokanoka jua likiwa juu. Nikampima Naserian, nikaona heri nimpeleke hospitali. Tukamlaza nyuma kwenye godoro, mama mkwe wake akakaa pembeni amemshika kichwa. Wote walimwita Koko, yaani bibi. Mume wa Naserian na kaka yake wakabanana kwenye kiti cha mbele. Tukaondoka.

Mwanangu, niliruka na gari lile! Kwenye ukingo wa kreta, msitu ukipita pembeni na ukungu ukifunguka na kufunga, kila penye njia iliyonyooka nilikanyaga, turbo ikapiga mluzi, nikajiona ndiye ninayeokoa maisha. Tulipoanza kuteremka kuelekea getini sikubadilisha mtindo. Nakanyaga mafuta, nafika kwenye kona, nakanyaga breki kwa nguvu, halafu mafuta tena.

"Simama, binti," Koko akasema kutoka nyuma.

"Tunakaribia, Koko."

Akaniita tena. Nikamwambia avumilie kidogo. Mara ya tatu sikumjibu kabisa, maana pua yangu ilikuwa imenasa harufu ya kitu kinachoungua. Nikakanyaga breki. Pedali ikawa laini chini ya mguu wangu, ikazama mpaka sakafuni.

Mbele kulikuwa na kona, na nje ya kona ile kulikuwa na bonde tupu. Nilirudisha gia ya pili, injini ikanguruma. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Likasugua ubavu kwa mlio ambao bado nausikia, kisha likasimama. Wale wanaume waliruka nje, wakaweka mawe kwenye magurudumu. Mimi nilibaki nimeushika usukani.

"Nimekuita mara tatu," Koko akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Tulitaka mkunga. Wewe umekuwa dereva. Njoo, mtoto amefika."

Nilipogeuka, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka, na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Niliruka kiti nikapiga magoti kando ya godoro. Nilikitoa kitovu, nikampokea mtoto wa kike, kimya, rangi ya majivu. Nikamsafisha mdomo, nikamsugua mgongo, nikamsugua tena. Wale wanaume waligeukia bondeni. Naserian akaniangalia mimi, siyo mtoto, na macho yale sitayasahau. Ndipo mtoto akalia.

Koko akamtemea mjukuu wake mate ya baraka kwenye paji la uso. Halafu akanitemea na mimi.

Tulisubiri mpaka breki zikapoa, tukashuka kwa gia ya kwanza hadi Karatu. Kesho yake Mzee Tluway alikuja akiegemea fimbo, akaangalia ubavu uliochubuka, akaingia wodini kuwaona mama na mtoto. Alipotoka alinikabidhi brashi. "Paka rangi mwenyewe," akasema, akaenda zake. Rangi niliyoipata haikufanana na ile ya mwanzo. Kila aliyeliona gari aliniuliza, na kila mara ilibidi nisimulie.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Siyo kwamba nakukataza mwendo. Hata mimi niliufurahia. Lakini usilijue gari lako kwa kuondoka tu, lijue kwa kusimama, tena likiwa limebeba watu wako, kwenye mteremko, kwenye vumbi na kwenye tope. Mtu uliyembeba akikuambia simama, simama kwanza, sababu utaiuliza baadaye. Na kazi yoyote utakayoshika, jiulize waliokuita walikuitia nini hasa.

Mungu akutangulie katika kila kona usiyoiona. Wote watakaopanda na wewe washuke kwa miguu yao wenyewe, wakicheka, na mlango wa nyumba yako usikose watu wa kukulaki. Amina, mwanangu.