Ubao Usiokumbuka

Ndugu za mume wangu walifika kwenye kilio na pikapu tupu. Hilo peke yake lilinitosha kujua walichokuja kufanya, maana mtu anayekuja kulia habebi kamba na turubai. Mjane kwetu hasemi: anakaa kwenye mkeka, amejifunika kitambaa cheusi, amenyoosha miguu, na wengine ndio wanaosema. Walisema mengi. Imepita miaka mingi na bado sijawasamehe, wala sitafuti kuwasamehe, na padri wangu anajua.

Mume wangu alikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha shaba, hapa Lubumbashi. Ilikuwa zamani za Zaire, chama kikiwa kimoja, na kila asubuhi kabla ya kazi tulikusanyika uwanjani kumwimbia na kumchezea kiongozi wa nchi, tutake tusitake. Mbelgiji mmoja aliyekuja kufunga mitambo mipya alipomaliza kazi yake alimwachia mume wangu kitu ambacho yeye angekitupa: ubao mdogo wa kijani, mpana kama daftari la shule, umejaa vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo. Upande mmoja ulikuwa na vibonyezo vya tarakimu na herufi chache. Juu yake palikuwa na kidirisha cha tarakimu nyekundu.

"Hii iko ordinateri muzima," aliniambia, "juu ya libaya moja tu."

Ordinateri ni kompyuta, na libaya ni ubao, basi nikauita ubao. Alinieleza kwamba kule kiwandani mbao kama hizo zinakaa ndani ya makabati ya chuma, zinalinda pampu mchana na usiku, na hakuna anayezishukuru. Nikamwuliza itatusaidia nini sisi ambao hata nyama tunaionja Pasaka. Akacheka. Alichukua friji letu lililokufa, akaweka ndani trei za mayai na balbu za kutia joto, akauunganisha ubao. Waya mwembamba ulining'inia katikati ya mayai kupima joto. Joto likishuka, ubao uliwasha balbu: tak. Likipanda, ulizizima: tak. Hiyo ndiyo ilikuwa kuveze yetu, mashine yetu ya kutotolea vifaranga, na wanawake wa kambi nzima ya wafanyakazi walinunua vifaranga kwangu. Nilipika, nilifua, nilinyonyesha huku nikisikia ile tak, na nilijua mambo ni mazuri.

Ubao ule ulikuwa na kasoro moja. Ulikuwa hauna kumbukumbu. Umeme ukikatika, ulisahau kazi yake yote, na umeme uliporudi ulikukodolea sifuri nyekundu mstari mzima kama mtu asiyekujua. Ilibidi kuufundisha upya, kibonyezo kimoja baada ya kingine, safu ndefu ya tarakimu, na ukikosea moja tu unaanza mwanzo. Kwa hiyo mume wangu aliufungia betri kuukuu ya gari, iushike umeme unapokatika. Na betri ilipochoka, ilibidi mtu abonyeze. Yeye alikuwa zamu kiwandani. Mtu huyo nikawa mimi.

Tarakimu na mimi hatukuwahi kupatana. Nilikosea, akarudia. Nilikosea tena, akapandisha sauti, nikamtupia mwiko. Kesho yake akaja na dawa. Kulikuwa na wimbo mmoja wa chama ambao kila mtu mzima nchini aliujua, hata anayeuchukia aliujua kiunoni. Akanifundisha kubonyeza kwa wimbo ule: kila silabi na kibonyezo chake, ubeti mzima, uimbwe mara nne huku vidole vikibadilisha njia. Wiki ile ile nikajua. Bila wimbo vidole vyangu ni vipofu, nikiimba, vinaona. Ni jambo jema pekee nililowahi kupata kutoka kwa wimbo ule.

Kisha homa ikamchukua, upesi, wakati trei zimejaa mayai yaliyokaribia kuanguliwa.

Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mfanyakazi akifa, familia inahama, hiyo haikuwa siri. Jioni ya mazishi kaka yake mkubwa alisimama sebuleni, mbele ya watu wote, katika abakosti yake, lile koti la chama lililofungwa vifungo hadi kooni, na beji ya chama kifuani. Alikuwa mkubwa wa chama katika mtaa wake kule Kambove na alipenda watu walijue hilo kabla hawajamsalimia. Akasema: "Mujane hana nyumba. Mutoto hawezi kulala mu barabara. Batoto nitaenda nabo Kambove."

Watoto wangu watatu. Alisema hivyo kama mtu anayetaja viti.

Akaongeza, kwa kuwa watu walinung'unika, kwamba kama siku ya kumaliza kilio nitakuwa na mahali pa kulala na watoto, atawaacha. Alisema hivyo akijua sina. Asichojua ni kwamba kuna mama mmoja wa mtaa wa Katuba aliyekuwa tayari kunipa chumba, mradi nimletee vifaranga vyote vya trei ya juu aanzie ufugaji. Chumba changu kilikuwa ndani ya maganda ya mayai. Yakitotolewa, watoto wangu wangebaki nami. Yakipoa, wangepanda ile pikapu. Nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza jikoni: tak, na baadaye, tak. Kila ilipolia nilipumua.

Aliyewekwa kunilinda alikuwa shangazi wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya msumeno. Mjane hagusi kazi, hapiki, haimbi. Akiinuka kwenda chooni anasindikizwa. Ukivunja, maana yake hukumpenda mumeo. Na kama hukumpenda, nani amemuua? Hesabu yao ilikuwa fupi hivyo.

Kesho yake mchana pikapu ya shemeji ilikataa kuwaka. Nilimsikia akizunguka nyuma ya nyumba akigombana na chuma. Kisha nikamsikia akiingia jikoni. Akatoka amekumbatia betri yangu. Hakuuliza mtu. Aliifunga kwenye gari lake, gari likanguruma, na wote wakashangilia, maana wana akili nyingi ukoo ule.

Nikamwambia shangazi kwa sauti ya chini: "Mama, ile batri iko ya mayai."

"Nyamaza. Mayai njo yatakufufulia bwana?" Njo kwetu ni ndiyo.

Alasiri mvua ikaja na radi, na umeme ukakatika. Nilifunga macho. Umeme uliporudi, watu walisema "aah!" kama kawaida, taa ya sebule ikawaka, redio ya jirani ikaanza. Mimi nilikuwa nasubiri sauti moja tu. Nilisubiri sana. Jikoni palikuwa kimya. Mayai yale yalikuwa yanapoa, na watoto wangu walikuwa wanacheza karibu na pikapu, mdogo ameshapanda tairi.

Nikainuka.

Shangazi alinishika kitambaa, kikabaki mkononi mwake. Nilipita katikati ya waombolezaji kichwa wazi, miguu mitupu, nikaingia jikoni. Sifuri zilikuwa zinanitazama. Nikajaribu kubonyeza kimoyomoyo. Nikakosea. Nikajaribu tena, nikakosea. Basi nikaanza kuimba.

"Mulozi!" shangazi alilia mlangoni, maana yake mchawi. "Mukuje muone! Bwana yake hata hajaoza, yeye iko naimba! Iko naongea na mashini yake! Njo ile ilimuua!"

Watu wakajaa mlangoni. Shemeji akawasukuma, akaingia, mkono ameshaunyanyua. Nilimwona kwa pembe ya jicho na niliogopa, nasema kweli. Lakini nilikuwa katikati ya mzunguko wa pili na sikuweza kuacha. Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza kufanya. Nikapandisha sauti.

Mkono wake ukasimama hewani. Alikuwa ameyatambua maneno. Huo ulikuwa wimbo wa kiongozi, naye alikuwa na beji ya kiongozi kifuani, na uani mwangu kulikuwa na nusu ya kambi, na katika kila watu kumi enzi zile ulijua kuna angalau mmoja anayepeleka habari. Nani angempiga mtu aliye katikati ya wimbo ule? Nyuma yake mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kwa mazoea tu, kama kila asubuhi. Kisha mwingine. Wanawake wa kambi wakaitikia kiitikio. Wengine walijua ninachokifanya, wengine hawakujua, lakini viuno vilijua. Shemeji akaushusha mkono pole pole, akauleta kwa mwenzake, akapiga makofi. Alipiga makofi mara zote nne, jasho likimtoka chini ya vile vifungo, na mimi sikuruka silabi hata moja.

Nilipobonyeza cha mwisho, ilikuja: tak. Balbu zikawaka.

Nikarudi kwenye mkeka mwenyewe, nikajifunika. Shemeji alinifuata, akainama sikioni mwangu ili wengine wasisikie.

"Umeimba mu kilio ya ndugu yangu. Basi utavaa nyeusi mpaka miye mwenyewe nikuje kukutosha. Na miye sitakuja."

Kwetu mjane havui nyeusi mwenyewe. Ni ukoo wa mume unaokuja kumtosha, yaani kumtoa kilio; hadi siku hiyo haolewi, hachezi, haimbi. Alikuwa amenifunga bila kamba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu alikuwa amevaa nguo yenye vifungo vingi.

Mayai yalianguliwa alfajiri ya siku ya kumaliza kilio. Wanawake wa kambi walikuja mmoja mmoja kuniaga, kila mmoja na kikapu kilichofunikwa kitenge, na kila mmoja aliondoka kuelekea Katuba kikapu chake kikilia piyo piyo. Ukoo wa mume wangu ulikuwa unagombania kabati, haukusikia. Shemeji alipouliza mbele ya watu mjane atalala wapi, mama wa Katuba alisimama akasema: "Kwangu. Na batoto." Shemeji akaingia jikoni, akaling'oa friji pamoja na ubao, nyaya zikaning'inia kama matumbo ya kuku, akavipakia kwenye pikapu juu ya viti vyangu.

Ile ndiyo iliyoniuma. Si kabati, si kitanda. Kile kilikuwa kitu ambacho mume wangu alikitengeneza kwa mikono yake akicheka.

Katuba nilianza upya na kuku wa kuatamia wenyewe. Kuku mwenyewe hasahau, lakini anatotoa wachache, na maisha yalikuwa ya kubana. Habari za Kambove zilinifikia sokoni. Shemeji alikuwa ameiweka kuveze sebuleni na kuijaza mayai. Sifuri tupu. Akaleta fundi wa umeme, sifuri. Mwishowe shemeji, na hili mke wake mwenyewe alinisimulia huku akijishika mbavu, aliikusanya familia yote mbele ya friji, akavaa beji, wakaimba ule wimbo kwa makofi, mwanzo hadi mwisho. Mayai yakaoza. Nilicheka hadi nikalia, kisha nikalia kweli.

Halafu akaja. Ilikuwa saa za jua kali. Alisimama mlangoni pangu na ubao ameufunga katika taulo, na nyuma yake, ndani ya pikapu, niliona trei za mayai mapya zilizofunikwa majani. Alikuwa ameliacha friji Kambove. Alitaka nimfundishie ubao hapo hapo, aurudishe ukiwa umefungwa kwenye betri, betri yangu ile ile, niliitambua kwa mpasuko wake.

"Mama ya batoto," akaanza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Tuko bantu ya nyumba moja. Uimbe tu kiloko, kidogo hivi. Batri iko, haitasahau. Na bifaranga nitakuletea."

Akafungua taulo. Vumbi lilikuwa limeingia kati ya vibonyezo. Kibonyezo kimoja mume wangu alikuwa amekipaka rangi nyeupe ya dirisha ili nisikikosee, na rangi ilikuwa bado ipo. Nilitaka kuugusa kuliko nilivyotaka chakula.

"Shemeki," nikasema, "unaniona nimevaa nini?"

Akatazama kitambaa changu. Kilikuwa kimepauka, lakini kilikuwa cheusi bado.

"Mujane haimbaka," nikasema. "Wewe njo ulinifunga. Munitoshe kwanza kilio, bukoo yote, hapa mbele ya bantu, na useme juu ya nini ulinikatalia. Kisha nitaimba."

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Kusema vile mbele ya watu kungemgharimu kuliko mayai yote ya Katanga, na wote wawili tulijua. Akaufunga ubao katika taulo. Mayai yake yalikuwa yanaiva ndani ya gari.

Nilisimama mlangoni hadi pikapu ikapotea, mikono nimeificha chini ya kitambaa ili majirani wasiione. Vidole vilikuwa vinabonyeza, vyenyewe, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi kile kibonyezo cheupe.