Moto wa Jirani

Véronique alimtambua jirani yake kwa harufu kabla ya sura: moshi wa msonobari uliogoma kutoka kwenye koti lake. Mzee huyo alilisha tanuri katika kiwanda kinachochoma mabaki ya mbao ili kuzalisha umeme. Kila alipokuta mti uliokatwa, hata nje ya kanisa, aliokota kipande, akakifinya kwa vidole vyake vilivyobabuka, akakinusa. "Hii ingali mbichi," alilalamika, kama mtu aliyetukanwa.

Asubuhi ile ya barafu, mtaa mzima wa Gulfton ukiwa hauna umeme na watoto wa Véronique wakitetemeka, mama huyo alimbishia mzee hodi na sufuria tupu mkononi. Ndivyo mama yake alivyokwenda kwa majirani kule kwao Fizi kuomba kaa la moto, wala hakuna mlango uliowahi kumnyima. "Papa, nakuja kuomba moto."

Alifungua akiwa amejifunika blanketi, pumzi ikimtoka kama moshi. Aliitazama sufuria. Kisha akanyoosha kidole kwenye maghorofa ya katikati ya mji, ambayo taa zake zote zilikuwa zinawaka mchana kweupe, hata kwenye ofisi zisizo na mtu.

"Moto yangu yote iko kule, mama. Enda uombe kwao."