Sindano Ilipanda Juu Mno

Kabla bega halijanitia adabu, mimi nilikuwa mpishi wa shughuli, na nilikuwa najisikia. Hapa mtaani kwetu Mwankoko ukisikia kuna harusi, maulidi au arobaini, ujue wameniita mimi, au wanajuta kutoniita. Lile sufuria la pilau linalobebwa na wanaume wawili nilikuwa naligeuza peke yangu kwa mkono wa kulia, huku nawagombeza wanaokata vitunguu vipande vikubwa kama vya kulisha ng'ombe. Jina langu ni Mwanahawa, lakini mjini wananijua kwa jina la Mama Shani.

Chanjo sikulazimishwa na mtu. Mume wangu, Baba Shani, alimzika binamu yake aliyekufa kwa homa ya ini. Alirudi makaburini, na kesho yake akaniambia, "Mama Shani, wewe unashika damu za nyama na visu kila siku. Nenda ukapime, na kama huna huo ugonjwa, uchanje." Nikapima katika zahanati moja ya binafsi hapa mjini, jina lake silitaji. Sikuwa nao. Wakaniambia chanjo ni sindano tatu, nianze na ya kwanza siku ile ile.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Chumba cha sindano kilikuwa na mlango usiofunga. Nje, kwenye benchi, walikaa wanaume, na mmoja wao ndiye anayeniuzia vitunguu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole, anaitwa Jesca. Akanisalimu, "Shikamoo mama." Nikamwitikia, "Marahaba mwanangu." Akaniomba nikunje mkono wa gauni. Gauni langu lilikuwa refu, la mikono inayobana hadi kifundoni, na ukilikunja linaishia kwenye kiwiko. Nikafanya lile tunalolifanya kina mama wote wa huku. Nikaivuta shingo ya gauni, nikatoa bega la kulia kidogo, kama ukubwa wa kisosi, nikageuza uso ukutani. Jesca akachoma pale palipoonekana, juu kabisa, karibu na mfupa. Nikamshukuru, nikavaa baibui langu, nikaenda sokoni.

Jioni ile bega likaanza kuuma. Sio yale maumivu ya sindano tunayoyajua. Hili liliuma ndani ya kiungo, kama mtu anakaza skurubu mfupani. Nilipotaka kunyanyua sufuria ya chai, mkono ukakataa. Nikadhani ni uchovu, lakini asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi.

Nitasema ukweli wote, hata wa aibu. Sikuweza kufunga sidiria. Sikuweza kunyoa kwapa wala kuliosha vizuri, likawa linanuka, na mimi ni mtu wa udi. Baba Shani alinifunga kilemba, akanikaza kama anafunga gunia la alizeti. Tulicheka mpaka nikalia, halafu nikaendelea kulia bila kucheka. Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni swala. Nikisema Allahu Akbar, mkono wa kushoto unapanda, wa kulia unabaki chini. Nilijiona nusu mtu mbele ya Mola wangu.

Nilirudi zahanati. Mganga mfawidhi, ambaye ndiye mwenye zahanati, hakunigusa hata bega. Alisema, "Ni kawaida, mama. Meza dawa za maumivu, itaisha."

Haikuisha. Wifi yangu Salma akaingia kazini. Yeye alishaamua kwamba ni husuda ya mpishi mwenzangu wa upande wa pili wa mji. Alinikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo, kisha akanifunga mkono kwa kanga shingoni, akaapa kwamba yeyote atakayeifungua atagombana naye. Alifanya kwa mapenzi, na mimi nilimtii, maana mkono ukifungwa hauumi sana. Wiki zikapita mkono uko kwenye kanga. Siku tulipoifungua, bega lilikuwa limekauka kama mlango ulioshika kutu. Hata kwa kusukumwa halikwenda.

Hapo Baba Shani akasema basi, twende Dodoma. Daktari wa mifupa alinishika taratibu, akapima bega kwa ile mashine ya kuangalia ndani, kisha akaniuliza nilichomwa wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa.

"Mama, sindano iliwekwa juu mno. Ilitakiwa iingie kwenye nyama nene ya mkono, yenyewe ikaingia penye kiungo. Ndani pamevimba. Na kwa sababu bega lilifungwa muda mrefu, limeganda."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo chanjo ndiyo mbaya?"

"Chanjo haina kosa. Tatizo ni mahali ilipochomwa. Hili hutokea mara chache sana, lakini likitokea linaumiza kweli."

"Mkono utarudi?"

"Ukikubali kulia kidogo kila siku, utarudi."

Akanipa dawa ya kuondoa uvimbe, akanikabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Shida ikawa moja. Mazoezi yalikuwa Dodoma, yalitakiwa kwa miezi, na mimi nilikuwa sipiki tena. Duka la Baba Shani linalisha nyumba, lakini haliwezi kulisha nyumba na kunisafirisha kila wiki. Bila mazoezi, bega lingebaki vile vile maisha yangu yote. Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Nilikaa jikoni kwangu nikayatazama yale masufuria makubwa yaliyofunikwa, nikayaona kama maiti.

Habari ikasambaa mjini, na kila mtu akaja na lake. Alikuja hata kaka mmoja anayetangaza dawa za mizizi mtandaoni. Akataka kunirekodi kwa simu niseme kwamba chanjo zinapooza watu, na akaahidi mchango. Nilimtazama, nikamkumbuka yule binamu tuliyemzika. Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi nilichomwa pabaya, sikuchomwa sumu. Chai yako ukimaliza, mlango ndio ule." Salma alinuna, akasema nimekataa riziki.

Aliyenisaidia kweli ni Mama Eliya, msaidizi wa kisheria, mama wa Kinyiramba kutoka Kinampanda, mnene, mcheshi, lakini kwenye kazi hana mchezo. Alinisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Unataka nini? Yule binti afukuzwe kazi?"

"Nataka mkono wangu."

"Basi tutadai mkono wako."

Akanieleza kwamba tutaanza kwa kudai kwa maneno, mezani, gharama za tiba na za mazoezi, na fidia ya kazi nilizokosa. Wakikataa, ndipo tuzungumze habari za mahakama. Akaniagiza pia, "Ile habari ya kuvuta shingo ya gauni, isemwe. Usiifiche hata kidogo."

Siku ya kikao niliingia roho juu. Tulikaa ofisini kwa mganga mfawidhi, mimi, Baba Shani, Mama Eliya, na Jesca kwenye kona, macho chini. Mama Eliya akasoma maelezo ya daktari wa Dodoma. Mganga mfawidhi akasikiliza, akakunja mikono.

"Lakini huyu mama mwenyewe ndiye aliyevuta shingo ya gauni. Angevua mkono wa gauni, haya yasingetokea."

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Ni kweli nilivuta, daktari. Lakini mimi nimesomea pilau. Bega wamesomea watu wako. Na ungetaka nivue wapi? Mlango haufungi, na muuza vitunguu wangu amekaa pale nje ananitazama!"

Baba Shani akakohoa kuficha kicheko. Halafu Jesca akanyanyua uso, machozi yanamtoka.

"Mimi ndiye nilipaswa kumwambia avue. Nilijua ni juu mno. Nilimwonea haya, ni umri wa mama yangu."

Mimi niliyekuja na hasira zangu zote, nikajikuta namhurumia. Tuliona haya wote wawili, na haya yetu ndiyo iliyoniumiza. Hata mganga mfawidhi alilegea. Aliinuka, akaenda kuutazama ule mlango wake kama anauona kwa mara ya kwanza. Aliporudi alikubali kulipa tiba yote, nauli zangu, na fidia ya miezi ile isiyo na kazi. Mama Eliya akayaandika, tukasaini. Aliponiuliza kama kuna la nyongeza, nikasema, "Lipo. Nataka pazia kwenye chumba cha sindano, na komeo mlangoni."

Mazoezi yalikuwa mateso. Nilitambaza vidole ukutani kwenda juu, huku mtaalamu anasema, "Kidogo tena, mama," na mimi namlaani kimoyomoyo. Nyumbani niliweka alama ya mkaa ukutani jikoni, pale vidole vilipofika. Mwanzoni alama zilibanana usawa wa kifua. Baadaye zikapita kidevu, zikapita paji la uso. Salma, aliyeninunia, ndiye aliyekuwa akinivutia kanga nyuma ya mgongo kila asubuhi ili mkono upande, akilia pamoja nami. Siku niliyofunga sidiria mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru Baba Shani aliyenifunga kilemba vibaya bila kuchoka, na Mama Eliya. Kwenu kina mama wenzangu nina maneno haya tu. Kiungo kikiuma baada ya sindano na kisiache, msikifunge kanga, nendeni kwa daktari. Mkiumizwa, daini haki yenu, na mseme ukweli wote, hata ule usiowapendeza. Na mkono wa gauni uvuliwe. Pasipo na pazia, ombeni pazia.

Maana bado nilikuwa na sindano mbili. Daktari alisema siwezi kuachia njiani, niendelee pale nilipoishia. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, lakini nilikwenda zahanati ile ile. Nikakuta pazia la kijani na komeo jipya. Aliyekuwa zamu ni Jesca yule yule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo navua."

Nikavua mkono wa gauni wote, nikampa mkono wa kushoto. Akaweka vidole chini ya mfupa wa bega, akapima, akapima tena, akachoma kwenye nyama. Nilisikia kama kuumwa na sisimizi.

Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nausikilizia mkono. Alfajiri nikatawadha, nikasimama kwenye mswala, nikabaki nimesimama kwa woga. Kisha nikasema Allahu Akbar, nikainua mikono. Yote miwili ikapanda.